"Mwalimu, mtoto wangu ni wa macho": maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu picha na msamiati

Ninafundisha Kifaransa hapa Lubumbashi. Kila mwezi wa tisa masomo yanapofunguliwa, wazazi hunijia na maswali yale yale, na mengi huanza na sentensi iliyo hapo juu. Nimeyakusanya pamoja na ya wanafunzi wenyewe, ambayo kwa kawaida ni makali zaidi. Mifano mingi ni ya Kifaransa kwa sababu ndiko watoto wetu wanakoteseka: nyumbani ni Kiswahili, darasani ni Kifaransa, na mtihani wa serikali haumuulizi mtu jikoni kwao wanaongea nini.

"Mtu wa macho" ni nani hasa?

Ni mtu anayependa kuona. Ukimpa nafasi ya kuchagua, atachukua ramani na kuacha maelezo ya mdomo. Upendeleo huo upo kweli, na mtoto akikuambia anao, usimbishie.

Kilichoongezwa juu yake ni nadharia kwamba kila mwanafunzi ana mlango wake mmoja wa akili, na mwalimu asipopita mlangoni hapo anapoteza muda. Nadharia hiyo imetengenezewa madodoso mengi. Linalojulikana zaidi linaitwa VARK, la Neil Fleming wa New Zealand na mwenzake Colleen Mills, lililotoka mwaka 1992. Linawagawa watu kwa kuona, kusikia, kusoma na kuandika, na kutenda. Mwaka 2004 watafiti wa Uingereza walikaa kuhesabu mifumo ya namna hiyo, wakapata 71. Ugonjwa wenye dawa 71 kwa kawaida ni ugonjwa ambao dawa yake bado haijapatikana.

Basi wa macho afundishwe kwa picha na wa masikio kwa sauti?

Hapana. Hapa ndipo ninapogombana na wazazi, kwa hiyo nieleze polepole.

Ili kujua kama ugawaji huo una faida, haitoshi kuwapa watoto wa macho picha kisha kushangilia wakifaulu. Huenda picha zingemsaidia mtoto yeyote. Inabidi uchukue watoto wa macho, nusu uwafundishe kwa picha na nusu kwa sauti, kisha ufanye vile vile kwa watoto wa masikio. Kama nadharia ni ya kweli, matokeo yatapishana: wa macho watashinda kwenye picha, wa masikio watashinda kwenye sauti. Mwaka 2008 wanasaikolojia wanne wa Marekani, akiwemo Harold Pashler, walipitia tafiti zilizokuwapo wakitafuta kupishana huko. Nyingi hazikuwa zimejaribu hata kupima kwa njia hiyo. Zilizopima vizuri, kadhaa zilipingana na nadharia moja kwa moja.

Mwaka 2020 Beth Rogowsky na wenzake walilijaribu jambo hilo kwa wanafunzi wa darasa la tano huko Marekani, upande mmoja kusoma, upande mwingine kusikiliza. Upendeleo wa mtoto haukuamua njia ipi itamfaa.

Lakini mwanangu mwenyewe anasema anashika zaidi akiona. Atajidanganyaje?

Hajidanganyi kwa makusudi, mama. Anachokuambia ni jinsi anavyojisikia wakati wa kujifunza, na hicho hatuna sababu ya kukikataa. Tatizo ni kwamba kujisikia vizuri na kukumbuka wiki ijayo ni vitu viwili. Utafiti wa mwaka 2017 wa Abby Knoll na wenzake ulionyesha kitu cha namna hiyo: watu wanaojiita wa picha walitabiri kwamba watakumbuka picha zaidi, na wanaojiita wa maneno wakatabiri watakumbuka maneno, lakini walipopimwa, aina waliyojipa haikulingana na walichokumbuka.

Mtoto wako pia anapenda biskuti kuliko bukari (ugali) na sombe (kisamvu), na hujaacha kusonga bukari.

Kwa hiyo picha hazina kazi?

Zina kazi kubwa mno, na ndiyo maana inaniuma kuona zimefungiwa kwa kundi moja la watoto. Picha zinamsaidia karibu kila mtu, na yule anayejiita wa masikio yumo.

Sababu ilielezwa vizuri na Mkanada Allan Paivio tangu miaka ya 1970. Akili huhifadhi neno kwa njia mbili: kama sauti na herufi zake, na kama taswira ya kitu chenyewe. Neno lililoingia kwa njia moja lina kamba moja ya kulivutia. Lililoingia kwa zote mbili lina kamba mbili, na moja ikikatika nyingine ipo. Ndiyo sababu *échelle* inashika haraka zaidi kuliko *vérité*: ngazi unaiona kichwani, ukweli hauuoni.

Watu wa Lubumbashi hawakusubiri Mkanada awaambie. Miaka ya 1970 sebule nyingi za mjini hapa zilikuwa na mchoro ukutani: mamba muntu yule nusu mwanamke nusu samaki, askari wa ukoloni na fimbo yake, Lumumba. Ukiwauliza wenyewe mchoro ni wa nini, walikuwa na neno lao moja: *ukumbusho*. Uzuri ulihesabika, ila kazi yake ilikuwa kumfanya mtu akumbuke kisha aongee. Tshibumba Kanda Matulu alichora historia nzima ya nchi kwa michoro yapata mia moja, na alipokabidhi michoro hiyo aliisimulia kwa Kiswahili, mmoja baada ya mwingine. Angalia mpangilio huo: picha, halafu maneno juu ya picha. Bila simulizi, mchoro wa treni ni treni tu. Hicho ndicho ninachotaka kwenye kaye (daftari) ya mwanafunzi: mchoro unaomlazimisha kusema.

Picha ya aina gani inafaa?

Iliyo na kitu kimoja na isiyosomeka kwa njia tatu. Ukimwonyesha mtoto picha ya mvulana anakimbia na kuandika chini *courir*, anaweza kuondoka akiamini *courir* ni mvulana, au ni mbio, au ni kaptula nyekundu. Sitii chumvi. Nilishasahihisha kaye ambamo *tomber* ilitafsiriwa "ndoo", kwa sababu kwenye picha aliyeanguka alikuwa amebeba ndoo. Kwa hiyo Kiswahili kiwepo, hata kwa neno moja kando. Kuna walimu wanaoona aibu kuandika Kiswahili kwenye tablo (ubao) wakati wa somo la Kifaransa. Mimi sioni aibu. Mtoto ana nyumba tayari, kwa nini nimlaze nje?

Picha inayofaa kuliko zote ni ile inayotenganisha maneno yanayochanganywa. Kifaransa kimejaa maneno yanayosikika sawa na kuandikwa tofauti. *Vert* ni kijani, *verre* ni glasi, *ver* ni mnyoo, na yote matatu kwa sikio ni kitu kimoja. Hapo sikio peke yake haliwezi kumwokoa mtu. Wanafunzi wangu huchora glasi ya kijani yenye mnyoo ndani, wakaandika kila neno juu ya kitu chake: *un ver dans un verre vert*. Wanacheka, wanasema kichefuchefu, na mwezi mmoja baadaye bado wanajua lipi lina *t* mwishoni.

Sijui kuchora. Nifanyeje?

Chora hivyo hivyo. Mwaka 2016 Jeffrey Wammes na wenzake wa Chuo Kikuu cha Waterloo, Kanada, waliwapa watu maneno, mengine ya kuchora na mengine ya kuandika tena na tena. Yaliyochorwa yalikumbukwa zaidi, hata muda wa kuchora ulipopunguzwa hadi sekunde nne, na uzuri wa mchoro haukuwa na uzito. Ili uchore ngazi ni lazima ufikirie ngazi ina miguu mingapi na vipandio vinakaaje. Kazi inafanywa na kufikiri huko.

Ng'ombe wako akifanana na meza, sawa tu, mradi wewe unajua ni ng'ombe.

Maneno yasiyochoreka je? *Cependant* inachorwaje?

Haichorwi, na usipoteze jioni yako kujaribu. Viunganishi na maneno kama *pourtant* au *afin que* yajifunze ndani ya sentensi inayokuhusu: *Il pleut, cependant je vais au marché.* Mvua inanyesha, lakini naenda soko la Kenya, lile la hapa Lubumbashi. Ukishaiona sentensi hiyo na matope yake, *cependant* imepata pa kukaa.

Maneno ya mawazo yako katikati. *Liberté*, uhuru, haina umbo, ila kila mtu ana tukio lake. Mwanafunzi mmoja alichora dirisha lililofunguliwa, mwingine siku ya mwisho ya mtihani. Yote mawili ni sahihi, kwa sababu kamba ni ya mwenyewe. Ndiyo maana sipendi picha za kununua kwa maneno ya aina hii: picha ya mtu mwingine ni ukumbusho wa mtu mwingine.

Nimesikia kuna mbinu ya kufananisha neno na Kiswahili. Inafanya kazi?

Ndiyo, na inachekesha, jambo ambalo ni faida nyingine. Unatafuta neno la Kiswahili linalosikika karibu na neno geni, ndilo neno la daraja, kisha unatengeneza picha moja inayoshika maana zote mbili.

*Mouton* ni kondoo. Kwa masikio yetu inakaribia "mto". Basi kondoo amesimama katikati ya mto, sufu imelowa, hataki kutoka. *Cou* ni shingo, inasikika "ku": kuku mwenye shingo ndefu kama bomba. Kwa wale wanaojifunza Kiingereza kwa sababu ya biashara ya Kasumbalesa na Zambia, *cheek* ni shavu: mtu akicheka, mashavu yanajaa.

Richard Atkinson na Michael Raugh waliijaribu mbinu hii huko Stanford, wakachapisha matokeo mwaka 1975. Wanafunzi walijifunza maneno 120 ya Kirusi kwa siku tatu. Kwenye mtihani, waliotumia neno la daraja walipata asilimia 72, wasiolitumia asilimia 46. Wiki sita baadaye wote walikuwa wamesahau mengi, lakini pengo lilibaki.

Ina mipaka yake. Inakupa maana, haikupi tahajia wala matamshi sahihi. Mtoto anayesema "muto" mbele ya mtahini amekumbuka kondoo na bado anahitaji kurekebishwa ulimi. Na si kila neno lina ndugu wa Kiswahili. Ukikaa dakika tano unatafuta daraja bila kulipata, vuka kwa njia nyingine.

Niliangalia orodha mara kumi usiku. Asubuhi, mbele ya tablo, nikasahau yote. Nina akili mbovu?

Akili yako ni nzima. Njia ndiyo mbovu, na ni njia tunayofundishana wote.

Ukiangalia ukurasa mara ya kumi, maneno yanaonekana ya kawaida, na unadhani unayajua. Unachokijua ni sura ya ukurasa. Mtihani haukuulizi kama umewahi kuliona neno, unakutaka ulitoe. Kutoa ni kazi nyingine na hujaifanyia mazoezi hata mara moja.

Kuna utafiti ninaoupenda kuliko wote kwa sababu unatuhusu. Mwaka 2008 Jeffrey Karpicke na Henry Roediger walitaka kupima jinsi wanafunzi wa chuo kikuu Marekani wanavyojifunza maneno ya lugha wasiyoijua kabisa. Lugha waliyochagua ni Kiswahili. Vijana walipewa jozi 40, kama *mashua* na maana yake ya Kiingereza. Walisoma, wakapimwa, wakasoma tena, wakapimwa tena. Tofauti ilikuwa hapa: kwa baadhi yao, neno wakishalikumbuka mara moja liliondolewa kwenye majaribio. Wengine waliendelea kulitoa kichwani kila raundi, hata kama walikuwa wameacha kulisoma.

Baada ya wiki moja, walioendelea kujipima walikumbuka takriban asilimia 80. Walioacha kujipima walikumbuka kama theluthi moja tu, asilimia 36 na 33, na kundi la 36 lilikuwa limeendelea kuyasoma maneno yote muda wote! Kilichonishangaza zaidi ni utabiri wao. Kabla ya wiki kwisha waliulizwa watakumbuka kiasi gani, na makundi yote yalisema karibu nusu. Hakuna aliyehisi kwamba njia yake ni bora au mbaya.

Kwa hiyo leo usiku angalia picha, funika neno kwa kiganja, litamke, liandike kwenye karatasi ya taka, kisha funua. Ukikosea usikasirike. Fanya kesho tena, halafu ruka siku mbili. Mjerumani Hermann Ebbinghaus alishaonyesha mwaka 1885, akijipima mwenyewe, kwamba usahaulifu hula sana mwanzoni kisha hupunguza kasi. Ndiyo maana marudio ya kwanza yasichelewe.

Kitabu kinafundisha rangi zote ukurasa mmoja, na picha nzuri. Mbona mtoto anachanganya?

Kwa sababu zimekuja pamoja. Thomas Tinkham mwaka 1993, kisha Robert Waring mwaka 1997, walionyesha kwamba maneno mapya ya ukoo mmoja yakifundishwa kwa mkupuo huingiliana, na hujifunzwa kwa shida kuliko maneno yasiyo na uhusiano. *Jaune* (njano) na *vert* zikizaliwa siku moja zitakuwa mapacha, na utawachanganya majina. Leo *jaune* pamoja na *pluie* (mvua) na *couteau* (kisu). *Vert* ije wiki nyingine. Ukurasa wa rangi zote unafaa baadaye, wakati wa kupanga kabati.

Na *un* na *une*?

Biki ya bluu kwa *un* (ya kiume), nyekundu kwa *une* (ya kike), tangu siku ya kwanza, na usiandike nomino peke yake hata mara moja. Mtoto akinung'unika kwamba Kifaransa kina jinsia, mkumbushe kwamba yeye hubeba mti na miti, kiti na viti, jiwe na mawe, bila mtu kumchapa.

Darasa langu lina watoto 60. Picha nitazitoa wapi, mwalimu mwenzangu?

Usizitoe. Leta vitu. Kamba, mwiko, kopo, kipande cha sabuni, jani la muhogo. Weka mezani, funika kwa kitenge, wape dakika moja, ondoa kimoja, uliza kimekosekana nini. Kitu halisi kinashinda picha kwa sababu kina uzito na harufu. Kwa mengine, kila mtoto achore kadi moja nyumbani, na kesho una kadi 60 bila kutoa hata falanga moja.

Video na simu?

Zinafaa kwa matamshi. Kwa msamiati nina shaka: video inaendelea mtoto akijua au asijue, haimngojei ajibu. Akiitazama, simamisha kabla neno halijatajwa, alitaje yeye. Na umeme ukikatika, kadi haizimiki.

Anakosea kila anaponakili kutoka kwenye tablo. Nadhani yeye si wa macho, ni wa masikio.

Kabla ya kumpa jina lolote, mpeleke apimwe macho. Mtoto anayekunja uso, anayesogea mbele, anayenakili kwa jirani, anayeandika *n* mahali pa *m*, huenda haoni tablo vizuri, na hajui kwamba wengine wanaona. Nilikuwa na msichana aliyekaa nyuma mwaka mzima. Wote tulisema "huyu hushika kwa kusikia", mimi nikiwa wa kwanza. Alipovaa miwani ikaonekana kwamba alikuwa akisikiliza kwa sababu hakuwa na njia nyingine. Bado sijajisamehe vizuri.

Kadi zinatengenezwaje na zinapangwaje?

Kata katoni ya sabuni au ya biskuti, ukubwa wa kiganja. Upande mmoja mchoro na, ukihitaji, neno la Kiswahili. Upande wa pili neno la Kifaransa pamoja na *un* au *une*. Usiweke vyote upande mmoja, utakuwa unasoma badala ya kukumbuka.

Kwa kupanga, fuata mwandishi Sebastian Leitner, aliyeeneza sanduku lake miaka ya 1970. Sanduku la viatu, vyumba vitatu vinatosha. Kadi mpya chumba cha kwanza, kila siku. Ukipatia inahamia cha pili, kila baada ya siku tatu. Ukipatia tena, cha tatu, mara moja kwa wiki. Ukikosa popote, inarudi chumba cha kwanza. Maneno manane mapya kwa siku yanatosha. Wanaoanza na 30 huacha kabla ya Jumamosi.

Mimi mama yake sijui Kifaransa. Nitamsaidiaje?

Wewe ndiye msaidizi ninayemtaka. Shika kadi, mwonyeshe mchoro, neno ubaki nalo upande wako. Atamke, kisha aandike. Geuza kadi mkalinganishe herufi moja moja, kazi ambayo haihitaji kujua Kifaransa, inahitaji macho tu. Zikilingana, weka kulia. Zisipolingana, weka kushoto, na msianze kugombana. Matamshi niachieni mimi darasani. Unaweza kufanya hivyo ukichambua sombe, kadi zikiegemea bakuli. Ila ukiona anajibu kabla hujainua kadi, changanya upya: ameshika mpangilio, hajashika maneno.